Maswali ya wasomaji: Lehemu iko chini na dawa bado hajaanza, tufurahi?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya lehemu, yaani kolesteroli, kwa watu wenye VVU ambao bado hawajaanza dawa, nikadhani yameisha. Kumbe ndo kwanza, meseji zimeingia nyingi na nyingine zimekuja na picha za karatasi za maabara kabisa. Nimechagua nne nizijibu kwa kirefu, majina yote nimeyatoa, na kama mnavyojua mimi ni mtu wa maabara, nimekaa na damu za watu miaka mingi, sehemu kubwa nikipokea sampuli za CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, kwa hiyo nitaongea zaidi kuhusu vipimo vinasema nini, na dawa utaandikiwa na anayekuhudumia kliniki.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto watatu nipo Morogoro. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 41, mwezi ulopita kapima kakutwa na VVU. Dawa hajaanza anasema mpaka akili itulie kwanza. Sasa juzi kaenda maabara moja ya binafsi kalipia vipimo vya mwili mzima, karudi ana furaha kaambiwa lehemu yake iko chini vizuri sana, moyo hauna shida. Ananiambia dada unaona damu yangu ni ya kijana, hivi virusi havijanifanya kitu. Karatasi nimekupigia picha: kolesteroli jumla 2.9, HDL 0.6, LDL 1.1, trigliseraidi 2.6. Ila mimi namwona anapungua, mkanda wa suruali kafika tundu la mwisho katoboa na jingine kwa msumari. Hii lehemu nzuri ni nzuri kweli?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana, wewe na yeye. Hilo tundu la msumari kwenye mkanda limenikaa kichwani kuliko namba zote ulizotuma.

Tuanze na karatasi yenyewe maana nimeikuza picha nikaisoma mstari kwa mstari. Pembeni ya HDL, ile wanayoiita lehemu nzuri, kuna herufi L, maana yake iko chini ya kiwango, na pembeni ya trigliseraidi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, kuna H, iko juu. Kwa hiyo mashine yenyewe ilishasema kuna mambo mawili hayako sawa, ila aliyemkabidhi karatasi aliangalia kolesteroli jumla na LDL, ile wanayoiita lehemu mbaya, tu, akaona namba ndogo akampongeza. Simlaumu sana, manake siku nzima anakutana na watu wa presha na vitambi ambao lehemu zao ziko 6 na 7, akiona 2.9 anaona raha. Lakini kwa mwanaume HDL tunataka iwe angalau 1.0, yeye ana 0.6. Na trigliseraidi tunataka isizidi 1.7, yeye ana 2.6. LDL yake ya 1.1 nadhani hata haikupimwa moja kwa moja, imekokotolewa: unachukua 2.9 unatoa 0.6, kisha unatoa 2.6 uliyoigawa kwa 2.2, unapata hiyohiyo 1.1.

Sasa ukiniwekea mezani hizo namba nne bila jina, kolesteroli jumla chini, LDL chini, HDL chini sana, trigliseraidi juu, mimi sisemi huyu ni mtu mwenye moyo wa kijana. Mimi nauliza huyu mtu ana vita gani mwilini. Mtu anayekula vizuri na kufanya mazoezi LDL yake inaweza kuwa chini ndiyo, ila HDL yake huwa inapanda na trigliseraidi inashuka. Hapa vimeenda kinyume. Huu mchoro kwa mtu mwenye VVU ambaye hajaanza dawa unajulikana kabla hata dawa mseto za 1996 hazijakuja. Watafiti wa San Francisco mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 walikuwa wanapima damu za wagonjwa wa UKIMWI wakaona trigliseraidi zimepanda, na kila walipopima kemikali moja ya kinga inaitwa interferoni alfa wakakuta ikipanda na trigliseraidi nazo zinapanda. Wakaona pia kwamba kolesteroli na HDL zinashuka mapema, mtu bado anatembea anafanya kazi zake, trigliseraidi ndo inakuja kupanda nyuma ugonjwa ukishasogea.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa Marekani, ule utafiti ulioanza 1984 kwenye miji ya Baltimore, Chicago, Pittsburgh na Los Angeles, walikuwa wanafuatilia wanaume miaka na miaka na kutunza damu zao kwenye friza. Sasa baadhi yao wakapata virusi katikati ya ufuatiliaji, kwa hiyo damu ya mtu huyohuyo ipo ya kabla ya virusi, ipo ya baada ya virusi, na ipo ya baada ya kuanza dawa. Wakachukua watu 50 wa namna hiyo, matokeo yakatoka 2003. Baada ya kupata virusi na kabla ya dawa, kolesteroli jumla ilishuka kwa wastani wa miligramu 30 kwa desilita, ambayo kwa vipimo vyetu vya huku, milimoli kwa lita, ni kama 0.8, LDL ikashuka 22 ambayo ni karibu 0.6, HDL ikashuka 12 ambayo ni 0.3. Hakuna aliyewaambia waache chipsi. Ni virusi.

Na huku kwetu pia ipo, Dar es Salaam walipima watu zaidi ya 12,000 waliokuwa hawajaanza ARV, ikachapishwa 2011, na kasoro iliyotapakaa kuliko zote ilikuwa hiyohiyo HDL ya chini, na CD4, yaani hesabu ya seli za kinga ambazo VVU inaziua, ikiwa chini mambo yanazidi kuharibika.

Sasa kwa nini. Hapa naomba uvumilie kidogo dada yangu maana ndo penye utamu. Lehemu haielei tu kwenye damu kama mafuta kwenye mchuzi, inabebwa ndani ya vifurushi vyenye protini. HDL ni kifurushi kinachozunguka kukusanya lehemu iliyozidi kwenye seli na kuirudisha kwenye ini. Virusi vikiwa vinazaliana kila siku bila dawa, kinga inakaa macho usiku na mchana, inamwaga kemikali za kuita msaada, na ini likipata huo ujumbe linabadilisha kazi, linatengeneza protini za dharura. Mojawapo ya hizo protini za dharura inaingia kwenye HDL na kuisukuma nje protini yake ya asili, na wakati huohuo kuna vimeng'enya kwenye kuta za mishipa vinaongezeka vinaikatakata HDL haraka kuliko inavyotengenezwa. Trigliseraidi nayo inapanda kwa sababu ini linazidi kuitoa na mwili unachelewa kuiondoa kwenye damu, imejaa barabarani haina pa kushuka.

Halafu kuna hila ya kirusi chenyewe. VVU ina protini yake moja inaitwa Nef, na 2006 watafiti walionyesha kwamba Nef inaharibu pampu ya kutolea lehemu kwenye seli za kinga zinazoitwa makrofaji, pampu hiyo inaitwa ABCA1. Kwa hiyo lehemu inabaki ndani ya seli haitoki kwenda kwenye HDL. Kirusi kinaitaka hiyo lehemu, ganda lake la nje limejengwa na utando kinaoukata kutoka kwenye seli yetu, sehemu zile zenye lehemu nyingi, na bila hiyo lehemu hakiwezi kuambukiza seli nyingine vizuri. Yaani lehemu iliyopotea kwenye karatasi ya mdogo wako, nyingine imekwama ndani ya seli ambazo zilitakiwa kumlinda. Kila nikiliwaza hili nakosa raha.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako hivi, kwa upole maana bado ana mshtuko: hizo namba hazisemi virusi havijamfanya kitu, zinaelekea kusema kinyume chake. CD4 yake siwezi kuijua kwa kuangalia lehemu, nitaeleza kwenye swali linalofuata, lakini kwa mtu anayepungua kilo nisingesubiri akili itulie. Aende CTC wiki hii. Wampime CD4, wamuulize kikohozi, homa, jasho la usiku, wamchunguze TB maana ndo inayoua watu wenye VVU kuliko ugonjwa mwingine, na kama CD4 iko chini ya 200 kuna kipimo kingine cha damu cha kuangalia fangasi wa ubongo hata kama kichwa hakimuumi. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2015 linasema kila mwenye VVU aanze dawa bila kujali CD4, na Tanzania tumeanza hivyo 2016, na kama yuko tayari anaweza kuanza siku hiyohiyo. Anayecheleweshwa kidogo ni yule mwenye dalili za homa ya uti wa mgongo, kichwa kuuma sana, shingo kukaza, huyo anatibiwa hilo kwanza. Nenda naye. Akikataa kaa naye sebuleni mpaka akubali, wewe ni dada mkubwa anakusikia.

SWALI: Habari za kazi mkuu. Mimi ni tabibu kwenye zahanati moja huku Kigoma vijijini. CD4 hatuna mashine, sampuli inapanda boti halafu gari, majibu yanarudi mgonjwa ameshahama kijiji. Ila kolesteroli tunaweza kupima maana kuna kale kamashine kadogo ka kidole tulipewa. Nimesoma sehemu kwamba HDL ikishuka CD4 nayo imeshuka. Je naweza kuitumia lehemu badala ya CD4 kujua nani yuko hali mbaya?

JIBU: Nzuri sana mkuu, na hongera kwa kazi, huko mliko nakujua kidogo. Jibu fupi ni hapana, na nitakwambia kwa nini maana swali lako ni la mtu anayefikiri.

Kweli kabisa uhusiano upo. Ukichukua watu 500 wenye VVU ambao hawajaanza dawa ukawapanga kwa CD4, kundi la chini litakuwa na HDL ya chini na trigliseraidi ya juu kuliko kundi la juu, imeonekana Afrika, imeonekana Ulaya na Marekani na kwingineko. Lakini huo ni wastani wa kundi. Wewe mbele yako unakuwa na mtu mmoja, mama amekaa kwenye benchi na mtoto mgongoni, wastani haumsaidii. Mmoja alikuwa na HDL ya 1.8 tangu kwao akashuka mpaka 1.2, karatasi itasema mzima. Mwingine amezaliwa na HDL ya 0.9, ukoo wao wote wako hivyo, utamwita mgonjwa mahututi na CD4 yake ni 700.

Na huko kwenu kuna tatizo jingine kubwa zaidi, malaria. Malaria kali nayo inashusha kolesteroli na HDL na kupandisha trigliseraidi, mchoro uleule. TB inashusha kolesteroli. Njaa inashusha. Ini likiumwa linashusha. Mama mjamzito kolesteroli na trigliseraidi zinapanda, kwa hiyo akiwa na VVU vinaweza kufichana na wewe ukaona kawaida. Hata mlo: HDL na kolesteroli jumla hazitikisiki sana na chakula, lakini trigliseraidi ukimpima mtu katoka kula chapati mbili na chai ya maziwa itapanda, ndo maana tunaomba asile masaa 8 mpaka 12, sasa mgonjwa aliyetembea kilomita kumi na njaa utamwambia nini.

Nikueleze kitu nilichokiona kwa macho yangu. Kuna asubuhi moja nilikuwa nazungusha damu kwenye sentrifuji, sampuli 24, nikafungua mfuniko nikaanza kuzipanga kwenye raki. Kawaida ile sehemu ya juu inayojitenga na chembe nyekundu inakuwa ya njano safi, kama mafuta ya alizeti yaliyochujwa. Mbili zilikuwa nyeupe zimefifia, kama maji uliyooshea mchele. Hiyo ndo trigliseraidi ikizidi sana, unaiona bila mashine. Nikaangalia fomu, mmoja ni mama wa sukari isiyodhibitiwa, mwingine ni kijana wa CTC ambaye ndo alikuwa anaandikishwa siku ile, hajameza hata kidonge kimoja, CD4 yake ilikuja 38. Maji ya mchele yaleyale, sababu mbili tofauti kabisa. Ningeangalia mirija tu bila fomu nisingeweza kukwambia yupi ni yupi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza tumia macho na maswali yako, mgonjwa mwenye dalili za hatua ya 3 au ya 4 za WHO, kukonda sana, utando mweupe mdomoni, TB, kuharisha zaidi ya mwezi, huyo ni ugonjwa uliosogea hata kama CD4 huna, na mtoto chini ya miaka mitano ambaye hajaanza dawa mhesabu hivyohivyo. Pili siku hizi kuna kipimo cha haraka cha CD4, kinafanana na vile vya malaria, kinakuonyesha tu kama iko juu ya 200 au chini, hakihitaji mashine wala umeme, mwombe mratibu wa wilaya akuulizie. Tatu dawa anzisha, usisubiri CD4, CD4 ni ya kukuambia nani anahitaji uangalizi zaidi, haiko pale kutoa ruhusa ya kuanza. Enzi zile kweli tulikuwa tunasubiri, tulianza na 200, mwongozo wa WHO ukaja na 350 mwaka 2010, ukaja na 500 mwaka 2013, watu walikuwa wanarudishwa nyumbani wakasubiri waugue vya kutosha. Nilizitoa mwenyewe hizo karatasi dirishani, CD4 412, mtu anafurahi anaondoka. Baadaye 2015 utafiti mmoja mkubwa wa watu 4,685 ukaonyesha kwamba hata mwenye CD4 zaidi ya 500 akianza mapema, matatizo makubwa na vifo vinapungua zaidi ya nusu.

Hako kamashine ka kolesteroli kasikae kabatini lakini. Pima wanapoanza, andika kwenye faili, ni msingi wa kulinganishia baadaye, hasa kwa wenye umri mkubwa na wenye presha au sukari.

SWALI: Mambo vipi dr. Niko Kahama naendesha boda, VVU nimejua miezi mitatu iliyopita sijaanza dawa. Jamaa mmoja anauza virutubisho kaniambia lehemu yangu iko chini ndo maana kinga imeshuka, kwa hiyo nikipandisha lehemu kinga inapanda. Kanishauri mayai manne kwa siku, siagi na kopo la mafuta analouza yeye, bei imechangamka kidogo. Nianze na hilo kwanza kabla ya ARV?

JIBU: Poa mdogo wangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kutoa hela.

Huyo jamaa kageuza gari, kaweka tela mbele. Lehemu yako imeshuka kwa sababu virusi vinazaliana na kinga inapigana, siyo kwamba kinga imeshuka kwa kukosa lehemu. Na lehemu nyingi iliyoko kwenye damu inatengenezwa na ini lako mwenyewe, mayai yanachangia kidogo tu, kwa hiyo hata ukila trei nzima namba ikipanda kidogo virusi havina habari. Ni kama taa ya mafuta kwenye dashibodi, ukiibandika karatasi isionekane tanki halijajaa.

Mayai kula, simaanishi uache, mtu anayepungua anahitaji chakula cha kutosha, protini, maharage, dagaa, mayai, parachichi, karanga, yote mazuri na hayana gharama ya kopo. Ila kula ukiwa na vidonge mkononi. Utaona mwenyewe, ukianza dawa virusi vikishuka, mwili unaacha ile hali ya dharura na lehemu inaanza kurudi yenyewe. Miezi mitatu umeshakaa nayo inatosha. Dozi ya siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku, TLD, yaani tenofovi, lamivudini na dolutegravi zimewekwa pamoja, CTC hulipii, na hiyo hela ya kopo weka mafuta kwenye pikipiki uende kliniki.

SWALI: Hujambo daktari. Mimi niko Likoni Mombasa, niko na miaka 52. Nilipimwa kabla ya kuanza dawa kolesteroli ikawa 3.4. Sasa niko kwa dawa mwaka na nusu, virusi havionekani, nimeongeza kilo tisa, lakini kolesteroli imepanda 5.1. Jirani ananiambia hizi dawa zinaniharibu moyo, niache kidogo mwili upumzike. Nifanyeje?

JIBU: Sijambo dadangu, na hongera sana kwa virusi kutoonekana, hiyo ndo habari kubwa kwenye barua yako.

Usiache. Narudia, usiache hata wiki. Hilo jaribio la kupumzisha mwili lilishafanyika kwa watu 5,472 nchi mbalimbali, matokeo yakatoka 2006, waliokuwa wanaacha dawa CD4 ikiwa juu na kurudia ikishuka walikufa zaidi, na cha kushangaza kwa wakati ule hata matatizo ya moyo yalikuwa mengi zaidi kwao, wakati watu walidhani kuacha kutaupa moyo nafuu. Virusi vikirudi ile hali ya dharura inarudi, HDL inashuka, mishipa inawaka.

Sasa hiyo 3.4 yako ya mwanzo haikuwa yako halisi. Ilikuwa imeshushwa na ugonjwa. Wale wanaume 50 niliowataja juu, walipoanza dawa kolesteroli jumla ilipanda wastani wa miligramu 50, watu wakapiga kelele dawa zinaharibu, lakini ukilinganisha na walivyokuwa kabla hawajapata virusi tofauti inabaki 20 tu, na hao walikuwa wamezeeka miaka kadhaa, na dawa zao zilikuwa za zamani. LDL yao ilirudi palepale ilipokuwa. Kilichobaki chini ni HDL, hiyo inarudi kwa shida, na ndo maana nakuomba ukipima tena usiangalie jumla peke yake, mwambie akupe zote nne.

Jirani yako nadhani anakumbuka zile dawa za zamani na hakosei kukumbuka. Kulikuwa na stavudini, watu mashavu yalizama na mafuta yakahamia tumboni na mgongoni, tulikuwa tunawatambua njiani na wao wanajua tunawatambua, dawa hiyo WHO ilisema iondolewe 2009. Kulikuwa na lopinavi na ritonavi, kweli zilipandisha trigliseraidi. TLD, ambayo nadhani ndo unayotumia, ni tofauti, dolutegravi haisumbui lehemu kama hizo na tenofovi iliyomo inaelekea hata kuishusha kidogo. Kinacholetwa na dolutegravi kwa baadhi ya watu, wanawake hasa, ni kilo. Kilo tisa nyingine ni afya inarudi, nyingine ni za kufanyia kazi.

Kwa hiyo dadangu 5.1 kwa umri wako iko chini ya mstari wa 5.2, haitishi, lakini presha pima, sukari pima, mahamri na viazi karai punguza kidogo, kutembea jioni ufukweni na wenzako kunafaa. Na kliniki uliza kuhusu vidonge vya kushusha lehemu, maana 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 7,769 wenye VVU walioko kwenye ARV, miaka 40 mpaka 75, ambao hata lehemu zao hazikuwa za kutisha, wakapewa kidonge cha aina hiyo kinaitwa pitavastatini na matatizo makubwa ya moyo na kiharusi yakapungua kwa asilimia 35. Usinunue mwenyewe dukani, daktari wako ndo aangalie kama unafaa.

Wakati naandika haya, yule dada wa Morogoro ametuma meseji nyingine. Walienda Jumanne. CD4 ya mdogo wake imekuja 164, TB wamemwangalia hawajaiona, fangasi hakuna, kaanza TLD usiku uleule na kapewa na dawa za kumkinga na magonjwa nyemelezi. Anauliza ile karatasi ya lehemu aitupe sasa kwa kuwa ilimdanganya. Hapana dada yangu, karatasi haikudanganya, ilisomwa vibaya. Itoe kopi uiweke kwenye faili lake la CTC, andika juu yake kwa kalamu "kabla ya dawa" na tarehe, na baada ya miezi sita akienda kupima wingi wa virusi aombe na lehemu, asile tangu usiku, halafu nitumie picha ya zote mbili.